Mke wangu hana la kuficha, kwa nini aifunge simu yake?

SWALI

Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mfanyabiashara wa Ngamiani hapa Tanga, nina mke na watoto watatu. Nyumbani kwangu niliweka utaratibu kwamba simu hazifungwi kwa namba ya siri. Yangu iko wazi, mke wangu anaishika muda wowote. Yeye simtilii shaka hata kidogo, ni mwanamke wa sala na tunaishi vizuri. Lakini juzi alinikuta nasoma meseji zake akakasirika, na kesho yake akaifunga simu. Nikamwambia asiye na la kuficha haogopi kuangaliwa. Akajibu hana la kuficha, ila hapendi. Je, mimi kama mume na msimamizi wa nyumba sina haki hiyo? Na huko kufungafunga simu si kumkaribisha shetani?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Nianze na hukumu, ndugu yangu, maana naona umeshaikisia. Haki hiyo huna. Kusoma ujumbe wa mkeo bila ridhaa yake, na hali umesema mwenyewe kuwa humtilii shaka, kunaingia katika katazo la Suratul Hujurat, aya ya 12: “Enyi mlioamini! Jiepusheni sana na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Wala msipelelezane.” Katazo hilo halikumtoa mume. Na jambo lako linanishangaza kidogo: anayepeleleza kwa sababu ya wasiwasi, angalau tunajua kilichomsukuma. Wewe umepeleleza bila hata wasiwasi.

Hoja yako ya “asiye na la kuficha” ndiyo hasa ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu naisikia kila mahali, mpaka barazani kwenye kahawa. Imejengwa juu ya dhana kwamba kinachofichwa ni uovu tu. Hebu ipeleke kwenye dini uone kama itasimama.

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliota nyota kumi na moja na jua na mwezi vikimsujudia. Ndoto njema kuliko hiyo ni ipi? Baba yake Yaaqub akamwambia asiwasimulie ndugu zake. Kijana hakuwa na kosa lolote, na bado aliamrishwa kuficha, kwa sababu jambo jema likifika kwa asiyestahili linaweza kugeuzwa kuwa madhara.

Sadaka nayo ni ibada, lakini Allah anatuambia katika Suratul Baqara, aya ya 271, kuwa tukiificha na kuwapa mafukara ndiyo bora zaidi kwetu. Unyumba baina yako na mkeo ni halali na una thawabu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amemtaja anayetangaza siri za faragha hiyo kuwa miongoni mwa watu wenye daraja mbaya kabisa mbele ya Allah Siku ya Kiyama.

Tena kuna kisa cha sahaba Anas bin Malik, kimepokewa na Imam Muslim katika mkusanyiko wake wa hadithi. Alikuwa mtoto, Mtume akamtuma shughuli, akachelewa kurudi kwao. Mama yake akamuuliza alikuwa wapi. Akasema ametumwa na Mtume. Shughuli gani? Akajibu, “Ni siri.” Mama asingekosa cha kusema: mimi ni mama yako, na Mtume hawezi kukutuma jambo baya, basi niambie. Lakini alimwambia mwanawe asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume wa Allah. Anas alizeeka na siri hiyo. Nani atathubutu kusema kulikuwa na aibu ndani yake?

Basi sitara imewekwa kwa kila mtu, mwema na mkosaji. Hata kwa mkosaji dhahiri, Umar bin Khattab alipita usiku Madina pamoja na Abdurrahman bin Auf, wakasikia kelele za walevi ndani ya nyumba. Umar akamuuliza mwenzake aonavyo. Abdurrahman akasema, “Naona tumefanya alichotukataza Allah,” akakumbusha aya hiyohiyo ya upelelezi. Umar akaondoka akawaacha. Ikiwa wale waliachwa, mwanamke wa sala afanyiwe nini?

Sasa tazama adabu tuliyolelewa nayo hapa kwetu. Mtu akija kwako anabisha hodi, na akikosa jibu baada ya mara ya tatu anarudi. Hiyo si mila ya pwani peke yake, ni mafundisho ya hadithi sahihi. Na Qur'ani katika Suratun Nur, aya ya 28, imesema mkiambiwa rudini, basi rudini, hilo ni safi zaidi kwenu. Mwenye nyumba hakulazimishwa kutoa sababu. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kusimama mlangoni na kuuliza, “Kwani umeficha nini humo?” Neno “sipendi” linatosha, na ndilo neno alilokuambia mkeo, nawe ukaliona si jibu.

Kuna mtu alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume, naye Mtume ana kichanuo mkononi anajikunia kichwa. Akamwambia lau angejua anamtazama angemchoma nacho jichoni, na kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Mtume ndani alikuwa anafanya nini? Anakuna kichwa. Wanazuoni wetu hawakuijua simu, lakini kwa kipimo hicho simu ya leo ni chumba chenye mlango, na anayeifungua bila idhini amechungulia.

Kisha kuna jambo ambalo naona hukulifikiria kabisa. Yaliyomo ndani ya simu ya mkeo si yake peke yake. Humo mna mdogo wake aliyemweleza shida ya ndoa yake, mna shoga yake aliyempelekea picha asiyotaka mwanamume aione, mna jirani aliyeomba mkopo wa unga kwa haya. Mtume amesema mtu akizungumza neno kisha akageuka kutazama huku na huku, basi neno hilo ni amana. Hao wote walimwamini yeye, hawakukuamini wewe. Hata angekuruhusu kwa moyo mkunjufu, bado kuna meseji ambazo hana mamlaka ya kukuruhusu uzisome.

Na hapo ndipo ninapokugusa na wewe. Unaona umefanya insafu kwa kuiacha simu yako wazi. Wewe ni mfanyabiashara. Wateja wako wanaokopa, waliochelewa kulipa, waliokutumia maelezo ya maradhi ili uwavumilie, wote wako humo. Ulitoa mali ya watu ukaiita ukarimu. Tumeona uchungu wa hili katika zile programu za mikopo ya haraka mtandaoni. Mtu mmoja akizipa ruhusa ya kusoma orodha ya namba zake, akichelewa kulipa, zinawatumia ujumbe jamaa, mabosi, hata mkwe, kumtangaza kuwa ni mdaiwa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni na kuwatahadharisha wananchi. Wale waliopokea meseji hizo hawakukopa senti, na hawakuwa na la kuficha pia.

Kuhusu usimamizi wa nyumba, ni kweli Qur'ani imempa mume jukumu hilo: kulisha, kulinda, kuelekeza kwa wema. Lakini sikiliza hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim: Mtume alikataza mtu kuwajia watu wake usiku kwa kuwashtukiza ili kuchunguza kama wamemhini au kutafuta makosa yao. Hapa anayekatazwa ni mume, anayechunguzwa ni mkewe, na nyumba ni yake mwenyewe. Sijui tafsiri gani nyingine mtu angeitaka.

Na Mtume alimwambia Muawiya kwamba ukizifuatilia aibu za watu utawaharibu, au utakaribia kuwaharibu. Hili tunaliona kwa macho. Mtu anayejua anasomwa hujifunza kufuta, huanza kupima kila neno kwa jicho la msomaji badala ya kulipima mbele ya Mola wake. Mkeo akimwandikia mama yake kuwa leo amechoka, atafikiria kwanza wewe utalipokeaje. Umemnyima pa kupumulia, na hujapata chochote.

Simaanishi kwamba hakuna hali ya dharura. Zikitokea dalili za wazi, za madhara ya kweli au uhaini, hukumu hubadilika, na hata hapo huanza kwa kuuliza uso kwa uso na kuwashirikisha wazee wa pande mbili. Watoto wadogo nao ni jambo jingine. Mzazi anawajibika kuwachunga, lakini kwa uwazi, mtoto akijua kuwa simu yake huangaliwa. Na hata mtoto Allah amempangia nyakati tatu za kubisha hodi kwa wazazi, kabla ya alfajiri, wakati wa adhuhuri mnapovua nguo na baada ya isha, ili akue akijua kuwa mlango una heshima. Sheria ya nchi sitaiingia sana, ila Katiba yetu nayo, ibara ya 16, imetaja hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu.

Shetani uliyemtaja, mimi namwona zaidi kwenye upekuzi kuliko kwenye namba ya siri. Katika hadithi sahihi, anayesifiwa na Ibilisi kuliko askari wake wote ni yule aliyewatenganisha mume na mkewe.

Kwa hiyo muombe radhi mkeo, na usimuombe namba hiyo hata kwa utani. Iondoe amri ya simu wazi, na yako uifunge kwa ajili ya wateja wako. Uliyokwisha kuyasoma yabaki kwako, usimtajie hata yeye, wala usimtazame vibaya shoga yake kwa uliyoyajua. Na kama hofu yako ni kwamba mmoja wenu akifariki madeni na amana hazitajulikana, hilo dawa yake ni wasia. Mtume amesema haimpasi Muislamu mwenye jambo la kuusia alale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Kaeni kila mmoja aandike anachodai na anachodaiwa, mshuhudishe watu wawili waadilifu, karatasi ziwekwe mahali mnapopajua nyote wawili.

Wallahu a'lam.