Jamani, mchochota siyo maambukizi

Msomaji kaniuliza: mjomba wake kafanyiwa opareshen ya moyo, daktari akawaambia seli nyeupe za damu zilileta inflamesheni ndo maana akapewa dawa ya kuituliza, sasa shemeji anasema kwa Kiswahili hayo ni maambukizi, yeye msomaji anasema ni uvimbe, nani yuko sahihi?

Wote wamekosa. Ni mchochota, yaani mwili kujihami unapoumia au kudhani adui kaingia, na neno limetoka kwenye kuchochota, yaani kuwasha na kuchoma, na utalikuta kwenye mchochota wa ini.

Ila hilo neno maambukizi limenichosha jamani. Goti likiuma maambukizi, fizi zikiwa nyekundu maambukizi. Kuambukiza maana yake ugonjwa utoke sehemu uingie sehemu, lazima kuwe na kidudu. Sasa kwenye opareshen hii nani kamwambukiza nani? Damu inatolewa mwilini inapitishwa kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, inakutana na mipira na plastiki ambayo haijawahi kuigusa, basi seli nyeupe hasa zile neutrofili zinadhani adui kaingia, zinaamka zote, zinamwaga vimeng'enya, nyingine zinaenda kujazana kwenye mapafu zinaumiza tishu za mwenyewe. Na mipira yenyewe imetakaswa, hakuna bakteria pale! Ukishasema maambukizi ndugu wanaanza kulaumu hospitali ni chafu, mwingine anakimbilia duka la dawa kununua antibayotiki.

Na ubaya zaidi uko kwenye dawa. Dawa inayotumika sana kutuliza hali hii ni steroidi, kazi yake kuzipunguza makali hizo seli nyeupe, wakati mwenye maambukizi ya kweli anazihitaji zipigane. Yani neno moja linakugeuzia tiba kichwa chini miguu juu. Tena madaktari wenyewe bado wanabishana kama steroidi inasaidia, maana 2015 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa 7,507 kwenye nchi 18, wengine walipewa methiliprednisoloni, ambayo ni steroidi, wengine hawakupewa, na vifo havikupungua. Mtu anayeita kitu hiki maambukizi mjadala huo ataufuata vipi? Atauliza tu kwanini hamkuua wadudu.

Uvimbe nauvumilia kidogo. Tangu enzi za Warumi dalili za mchochota zinatajwa nne, wekundu, joto, uvimbe na maumivu, kwa hiyo aliyesema uvimbe kashika robo ya jambo. Shida ni kwamba mtu akiambiwa ana uvimbe anawaza kansa moja kwa moja, na huo wa mjomba uko kwenye damu, hakuna cha kupapasa.

Daktari akisema inflamesheni sina ugomvi naye, bora hiyo mara kumi. Shemeji mwambie hilo la kwake aliache leo hii, na mjomba apone haraka.