Mashavu na figo za baba vinawaka kwenye picha: saratani imeenea?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 68 na ana saratani ya tezi dume. Kabla ya upasuaji tulimpeleka Nairobi akapigwa kipimo cha PSMA PET, picha ya mwili mzima inayopigwa baada ya sindano yenye mionzi, ile ya galiamu-68. Kwenye picha mashavu, figo na kibofu vinawaka kuliko tezi dume yenyewe, lakini ripoti inasema hakuna dalili ya kuenea. Mtaalamu mmoja wa mitishamba ameiangalia picha kwenye simu, akasema saratani imefika kichwani na kwenye figo, na kwamba baba anywe dawa ya kutoa mionzi wiki sita kabla ya kukubali kisu. Tumwamini nani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mwaminini aliyeandika ripoti. Picha kama hiyo naletewa kila mara, na kila mara nakuta kuna mtu ameshaisoma kabla yangu, familia hailali, na pesa zimeshatoka.

Baba alidungwa dawa: chembe ndogo iliyoundwa kwa mfano wa peptaidi (kipande kifupi cha protini), ikabebeshwa galiamu-68, metali inayotoa mionzi. Chembe hiyo hung'ang'ania protini ya PSMA, ambayo imejaa kwenye seli nyingi za saratani ya tezi dume. Ukikifuata kirefu cha jina hilo kwa Kiingereza (prostate-specific membrane antigen, "prostate" ikiwa ndiyo tezi dume na "specific" ikimaanisha mahususi), utadhani protini hiyo ni mali ya tezi dume peke yake. Si kweli, na waliolibatiza wametuachia kazi. Figo zinayo kwa wingi. Tezi za mate na za machozi huinyonya dawa hiyo kwa mwenye saratani na asiye nayo. Kibofu kinawaka kwa sababu dawa inatokea kwenye mkojo. Ndiyo maana baba aliambiwa akajisaidie kabla ya kulala kwenye mashine. Nidunge mimi leo, utaona mabonge mawili mbele ya masikio, mawili chini ya taya, na figo kama maharage mawili ya moto. Hicho ndicho "kichwa" alichokiona huyo bwana.

Kinachonishtua mimi ni kinyume chake. Saratani ikiwa imejaa mwilini, yenyewe ndiyo inayoinyonya dawa, na mashavu na figo hufifia. Mashavu ya baba kuwaka vile si habari mbaya hata kidogo.

Sasa hiyo dawa ya kutoa mionzi. Nguvu ya galiamu-68 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 68. Piga hesabu: saa 12 baada ya sindano, haijabaki hata sehemu moja ya elfu. Baba alipoamka kesho yake asubuhi hapakuwa na cha kutoa. Mnauziwa wiki sita za kufukuza mgeni aliyeondoka siku ile ile.

Na ukiacha huyo wa mitishamba, wanaosoma picha kwenye simu wako wengi, wengine wamevaa makoti meupe. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini haisomeki. Rangi zile tunazipandisha na kuzishusha wenyewe kwenye kompyuta. Naweza kumfanya mzima aonekane anaungua mwili mzima. Hata sisi tunaokaa na picha hizi kutwa hubishana juu ya doa kwenye ubavu, maana mfupa uliowahi kuvunjika unaweza kuwaka, na vifundo vya neva karibu na uti wa mgongo pia.

Kipimo chenyewe ni kizuri. Utafiti wa Australia uliotoka 2020, kwa wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa, uliona PSMA PET ikipatia kwa asilimia 92, huku CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) na skani ya mifupa kwa pamoja zikipatia asilimia 65. Lakini zipo saratani za tezi dume zisizo na PSMA ya kutosha, na kijipunje cha milimita chache hupita bila kuonekana. Kwa hiyo "hakuna dalili" haina maana ya "hakuna kabisa", na PSA ya baba (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) itaendelea kupimwa hata baada ya upasuaji.

Msisogeze tarehe ya upasuaji kwa ajili ya mitishamba. Kama ameshaanza kuinywa, aiache, na chupa mwende nayo kwa daktari wa upasuaji pamoja na CD ya picha. Ipo mitishamba inayofanya damu isigande, na hilo atataka kulijua kabla hajashika kisu.