Müller si ukoo

Msomaji wa Morogoro ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Nafuatilia mpira wa Ujerumani tangu enzi za kusikiliza redioni, na kila kizazi namkuta Müller: Gerd, Dieter, Hansi, halafu Thomas. Ukoo huu wa Müller umewezaje kuwa mkubwa namna hii? Na jina lenyewe lina maana gani?"

Marahaba, ndugu yangu. Maana nitaimaliza haraka. Müller ni mwenye kinu, yule anayewasagia watu nafaka zao. Wajerumani walilitoa kwenye Kilatini, molinarius, mtu wa molina, yaani kinu cha kusagia. Shina hilohilo limewapa Waingereza Miller, Wafaransa Meunier na Waitaliano Molinari. Kinu chenyewe si hiki cha kutwangia kwa mchi. Ni mawe mawili mazito ya duara, moja juu ya jingine, la juu likizungushwa kwa nguvu ya maji au upepo. Kwetu leo huyo ni mtu wa mashine, tunakopeleka mahindi tukarudi na dona au sembe.

Lakini hilo neno ukoo, ndugu yangu, limenikaa kooni kwa muda mrefu, na umenipa nafasi ya kulitoa. Nalisikia kwa watangazaji wa mpira, nalisoma kwenye habari za kutafsiriwa, nalikuta kwenye fomu za kila aina. Kila jina la mwisho la mtu, awe Mjerumani, Mkorea au Mbrazili, limeshafanywa "jina la ukoo". Si kweli, na kosa lenyewe si dogo, maana linatufanya tuone udugu mahali ambapo haupo.

Ukoo tunaujua. Panda Uchagani. Ukikutana na Mushi, Massawe au Lyimo, umekutana na ukoo hasa. Kuna babu wa mwanzo anayetajwa, kuna kihamba kilichorithishwa, kuna wazee wanaoitana kikao likitokea jambo. Kijana akisema anataka kuoa binti mwenye jina kama lake, wazee hawalipuuzi. Watakaa wachimbue nasaba mpaka wajue hao wawili wametengana wapi. Pwani ni vivyo hivyo. Mmazrui ni Mmazrui kwa nasaba, na kwa nasaba hiyo akina Mazrui walirithishana utawala wa Mombasa mpaka 1837. Hapo sema ukoo, tena useme kwa sauti.

Müller hana hata kimoja katika hayo. Hakuna babu Müller. Hakuna kikao cha akina Müller wote, wala mwiko wao, wala kaburi moja wanalolitazama. Müller wa Hamburg akimwoa Müller wa München, hakuna shangazi atakayeuliza swali.

Jina lilipatikana hivi. Mpaka kwenye karne ya 12 hivi, Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, hasa kusini na kando ya mto Rhein, majina hayakutosha tena. Karani anaandika orodha ya kodi, mbele yake wamesimama akina Hans watano. Awatofautishe vipi? Mmoja ana nywele nyekundu, anaandikwa Roth. Wa pili anakaa mlimani, anaandikwa Berger. Wa tatu ni mwana wa Peter, anaandikwa Peters. Wa nne ni mhunzi, Schmidt. Wa tano ana kinu: Hans Müller. Mwanawe akikua anaweza kuwa mwoka mikate asiyejua hata jiwe la kusagia linavyochongwa, ila watu wanaendelea kumwita Müller. Hapo ndipo neno la kazi linapogeuka jina la familia. Na jambo hili lilitokea kijiji hiki, likatokea cha pili, likatokea cha mia, wenyewe hawajuani kabisa.

Kwa nini wenye kinu wakawa wengi hivyo? Kwa sababu kila mahali palihitaji kinu, na sehemu nyingi mkulima hakuwa na hiari: bwana wa ardhi alimlazimisha asage kwenye kinu fulani, si kingine. Mtazame huyo mkulima ameshusha gunia lake la ngano mlangoni. Msagaji halipwi fedha. Anachukua kipimo chake, anachota sehemu yake humohumo guniani, na mkulima amekodoa macho kwenye ule mkono, aone kipimo kimejaa kiasi gani. Ndiyo maana wasagaji walitiliwa shaka ya wizi karne kwa karne, na kuna mahali vyama vya mafundi viliwakataa hata watoto wao. Mtu mmoja, anakaa pembeni karibu na mto, kila nyumba inamjua na kila nyumba ina neno juu yake. Ukisema tu "mwenye kinu", hakuna aliyeuliza yupi.

Leo Müller ni jina la familia linaloongoza Ujerumani, na Uswisi pia. Wahunzi nao walikuwa kila kijiji, lakini jina lao limetawanyika kimaandishi: Schmidt, Schmitt, Schmid, Schmitz. Ukiyakusanya yote, wanampita Müller. Huko Marekani, sensa ya 2010 ilimweka Miller nafasi ya 7, watu zaidi ya milioni 1.1, na wengi wao asili yao ni Müller. Husimuliwa kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, ndio waliowabadilishia wahamiaji majina. Makarani wale walikuwa wakisoma majina kwenye orodha za meli. Waliobadilisha ni wenye majina wenyewe, kanisani, shuleni na dukani, na hasa Marekani ilipoingia vitani na Ujerumani 1917, jina la Kijerumani likawa mzigo. Sasa huo nao ni ukoo, ukoo unaovuliwa kama koti?

Turudi kwenye mpira, maana huko ndiko kosa linakozaa uongo. Gerd Müller alizaliwa Nördlingen 1945, akafunga mabao 10 Kombe la Dunia 1970. Thomas Müller alizaliwa Weilheim 1989, akawa mfungaji bora 2010. Wote Bayern München, wote jezi namba 13 timu ya taifa. Mtangazaji akiongeza "ukoo wa Müller" juu ya hayo, kibanda kizima kinatoka kikiamini Thomas ni mtoto wa Gerd, au mjukuu. Hawana undugu wowote. Na Dieter wako, yule wa mabao matatu dhidi ya Yugoslavia 1976, alizaliwa akiitwa Dieter Kaster. Müller ni jina la baba aliyemlea.

Wako wanaokimbilia neno ubini. Ni neno zuri, lakini limetoka kwenye bin, nalo lataka mtu na baba yake. Petersen na Hansen wa kaskazini mwa Ujerumani ni ubini halali, kwa kuwa maana yake ni mwana wa Peter na mwana wa Hans. Müller si mwana wa yeyote. Sema "jina la familia", linatosha kila mahali. "Akina Müller" nayo siikatai, kwa kuwa akina hukusanya watu bila kudai damu. Hata Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona Kilimanjaro 1848 akawaandikia Wazungu kwamba una theluji, jina lake ni la kazi vilevile, lamaanisha mkulima wa mizabibu, naye alizaliwa Gerlingen, nchi ya mizabibu. Siku ile mlimani, wenye ukoo walikuwa wenyeji wake.

La mwisho ni tahajia. Vile vidoti viwili juu ya u si pambo. Vinabadilisha sauti: midomo unaiweka kama ya kusema u, ulimi unausogeza kama wa kusema i. Simu yako isipokuwa navyo, fanya wanavyofanya Wajerumani wenyewe, andika Mueller. Magazeti yetu yanaandika Muller, bila vidoti wala e, na mhariri anapitisha. Mhariri huyohuyo hawezi kukubali Mkapa aandikwe Mkapu.