Rekodi ya kesi inapokunyima cheti cha tabia njema: faili kwanza, wakili baadaye

Wengi huku Kisumu, Kakamega na Nakuru hugundua kwamba wana rekodi siku wanapotafuta kazi ya ulinzi au safari ya kwenda kufanya kazi Uarabuni. Umelipa Sh1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, umechapisha fomu ya C24 ya alama za vidole pande zote mbili za karatasi moja, umechukuliwa alama hizo Huduma Centre, kisha cheti kinakawia na hatimaye unaambiwa una kesi. Kubadilisha jina hakusaidii, kwa sababu kinacholinganishwa ni vidole.

Kenya haina sheria ya jumla inayofuta hatia ya mtu mzima kwa sababu tu miaka imepita. Kinachowezekana kinategemea kesi yako iliishaje, na jibu hilo limo kwenye faili ya korti. Kwa hivyo wakili anayekutajia bei ya "kusafisha jina" kabla hajasoma faili, usimpe hata senti.

Faili hutafutwa kwenye masjala ya korti iliyosikiliza kesi. Aliyeshtakiwa Winam asiende kuitafuta Maseno, wala wa Butali asipoteze siku nzima Kakamega. Unahitaji nambari ya kesi na mwaka. Kama karatasi ya mashtaka imepotea, angalia risiti ya faini au ya dhamana. Andika barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi na uamuzi. Ichapishe mara mbili, nakala ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, uiweke mahali salama. Muhuri huo una kazi kubwa huko mbele. Faili ikikosekana, omba masjala wakuandikie kwamba imetafutwa na haikupatikana, kwa sababu bila maandishi hayo wakili hana pa kuanzia.

Ukiipata nakala, nenda ukurasa wa mwisho uangalie kifungu alichotaja hakimu. Vifungu vya 202, 204, 210 na 215 vya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai vinaweza kukuachilia huru kabisa. Kifungu cha 87(a) ni kingine: mashtaka yameondolewa kabla hujaitwa kujitetea, lakini unaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Kesi za ndugu kugombania mpaka wa shamba, au za kupigana matangani, mara nyingi huisha wazee wakishapatanisha. Watu hutoka kortini wakishikana mikono, na hakuna anayeuliza kama hakimu ameandika 204 au 87(a). Uliza siku hiyohiyo.

Kama uliachiliwa huru na rekodi bado inaonyesha kesi, huhitaji wakili kwa hatua ya kwanza. Peleka nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, pamoja na kitambulisho, makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai inayotoa cheti hicho, Barabara ya Kiambu, Nairobi, uombe kwa barua rekodi irekebishwe. Ukizungushwa, hapo mlete wakili aandike barua ya madai akitegemea Ibara ya 35(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu, pamoja na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Uzito uko kwa waliokubali kosa. Mtu anakamatwa na chang'aa au kwa kuchuuza bila leseni, analala seli, asubuhi anasema "ni kweli" ili alipe faini arudi nyumbani kwa watoto. Hiyo ni hatia kamili. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinasema aliyekubali kosa hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu kiwango au uhalali wa adhabu. Lakini kama namna alivyokubali ilikuwa na kasoro, Mahakama Kuu huweza kuitengua hatia yenyewe.

Kipimo kinachotumika ni kile cha kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973. Shtaka na kila kiungo chake, yaani kila jambo linalounda kosa, visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa; jibu lake liandikwe kwa maneno yake; kiongozi wa mashtaka aeleze ukweli wa tukio; mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali au kupinga maelezo hayo. Soma ukurasa wa siku ya kujibu shtaka polepole, mstari kwa mstari. Je, lugha ya ukalimani imeandikwa? Mama anayezungumza Kijaluo peke yake alisomewa kwa lugha gani? Maelezo ya tukio yapo, au imeandikwa tu kwamba ni kama yalivyo kwenye karatasi ya mashtaka? Hapo ndipo wakili mzuri hupata hoja, na hapo ndipo pesa zako zinapofaa kwenda.

Rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Zikipita, kifungu cha 349 kinaruhusu kuomba muda zaidi kukiwa na sababu nzuri, na mahakama hulazimika kukubali ikiridhika kwamba ulichelewa kwa kukosa nakala ya mwenendo wa kesi na uamuzi ndani ya muda unaofaa baada ya kuiomba. Ile barua yenye muhuri ndiyo ushahidi wako, iambatishwe kwenye hati ya kiapo. "Sikujua sheria" ni sababu dhaifu. Jihadhari pia na wakili anayekimbilia ombi la marejeo, yaani kuiomba Mahakama Kuu iikague rekodi ya korti ya chini bila rufaa, chini ya kifungu cha 362: kifungu cha 364(5) humzuia aliyeweza kukata rufaa na hakuikata.

Mwambie wakili akueleze hatari mbili kabla ya kuwasilisha. Mahakama ikitengua hatia inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya. Pili, maamuzi ya Mahakama Kuu huchapishwa kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa hivyo jina ambalo halikuwa mtandaoni linaweza kuonekana huko.

Msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 133 ya Katiba upo, kupitia kamati ya ushauri, lakini usiutegemee kwa faini ndogo ya chang'aa. Aliyeshtakiwa akiwa mtoto aseme hivyo mapema, maana sheria ya watoto hairuhusu hata maneno ya hatia na hukumu kutumiwa dhidi yake.

Kuhusu wakili mwenyewe, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama ana leseni ya mwaka huu. Mkubaliane kwa maandishi kama ada inahusu barua tu, ombi la muda, au rufaa hadi uamuzi, na nani analipia ada za korti. Dai risiti. Asiye na uwezo aulize ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Ukishinda, usikae ukingoja. Amri ya mahakama haifiki DCI bila mtu wa kuipeleka: chukua nakala iliyothibitishwa, ipeleke Barabara ya Kiambu, hakikisha imepokelewa kwa muhuri, ndipo ulipe na kuomba cheti kipya.