Pamba inayooza mizizi: maswali ya wasomaji

Shikamoo mwalimu. Pamba yangu hapa Kasese, Uganda, imenyauka ghafla ikiwa tayari na vitumba. Dawa aliyotumia jirani kwangu haikusaidia. Kwa nini?

Marahaba. Kabla ya kununua dawa nyingine, ng'oa mmea mmoja. Ukitoka kirahisi, gome la mzizi limechanikachanika na chini yake kuna vipunje vyeusi vidogo mno, shuku Macrophomina, kuvu inayopenda joto na ukame. Ukikaza ardhini, pasua shina kwa urefu: ukiona kahawia ndani, huenda ni mnyauko wa Fusarium, kuvu nyingine. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Na mzizi ukishaoza, dawa ya kunyunyizia haiurudishi. Pesa hiyo iweke kwa ajili ya mbegu safi iliyotiwa dawa.

Kama jina la kuvu ni moja, mashamba mawili yanaweza kutofautiana? (Lira)

Sana, na hapa ndipo wakulima wengi wanapoumia. Chukua Rhizoctonia solani, inayoua miche. Wataalamu huotesha sampuli mbili za kuvu hiyo katika sahani moja na kutazama nyuzi zao zinapokutana. Zikiungana, ni za kundi moja. Zisipoungana, huhesabiwa makundi tofauti. Makundi yanayojulikana yanazidi kumi, na kundi la 4 ndilo linalotajwa mara nyingi kwenye miche ya pamba.

Fusarium ya pamba nayo imegawanywa kwa namba, 1 hadi 8. Namba 1 hupata nguvu zaidi palipo na minyoo fundo inayotoboa mizizi, kwa hiyo ukipunguza minyoo umepata nafuu. Namba 4, iliyoelezwa kwanza India na baadaye ikaonekana California, huua pamba hata bila minyoo hiyo. Jina moja, tiba mbili!

Ndiyo maana siridhiki mbegu ikiitwa sugu kwa kujaribiwa na kuvu ya shamba moja tu. BPA na SATU, aina za mbegu za pamba za Uganda, zinastahili kupimwa kwa kuvu zilizokusanywa Kasese, Lango, Teso na Busoga, kwa sababu mkulima wa Kasese hapandi kwenye udongo wa Serere, kwenye kituo cha utafiti.

Napokezana pamba na ufuta, mwaka mwingine karanga. Yatosha? (Pallisa)

Kwa Macrophomina, haitoshi. Hushambulia mimea zaidi ya 500, ufuta, karanga, soya na mtama vikiwemo, na vipunje vyake hukaa udongoni miaka. Ongeza samadi iliyooza vizuri, panda mapema ili ukame usiikute pamba ikibeba vitumba, na ng'oa mabua uyachome. Usichukue mbegu kwenye shamba lenye mnyauko: Fusarium husafiri ndani ya mbegu. Pia husafiri na udongo, basi safisha plau iliyotoka kwa jirani.

Nimwage majivu shinani?

Hayaponyi mmea uliokwisha kunyauka.

Sampuli nipeleke vipi? (Soroti)

Chimba mmea unaoanza kunyauka, usichukue uliokauka, kwa kuwa huo umeshavamiwa na kuvu nyingine zinazokula vilivyokufa. Uache na mizizi na udongo kidogo, ufunge kwenye gazeti, si mfuko wa plastiki. Andika aina ya mbegu na zao la msimu uliopita, umpe afisa kilimo au upeleke kituo cha utafiti cha Serere. Chukua mimea ya pembe mbalimbali, kila mmoja na gazeti lake, maana hata ndani ya shamba moja kuvu za pembe hii huweza kuwa kali kuliko za pembe ile.