Maswali ya Wasomaji: Picha za Mandhari Mbali na Njia ya Watalii

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha za mandhari siku za mapumziko. Nimekwenda Ziwa Ngosi mara nne na Daraja la Mungu mara nyingi zaidi, lakini nikiziangalia picha zangu naona ni zilezile ambazo kila mgeni hurudi nazo. Je, niende wapi ili nipate mandhari tulivu?

Jibu: Ndugu msomaji, Ngosi na Daraja la Mungu ni mahali pazuri kweli, ila mtu akifika huko njia yenyewe humfikisha pale walipokwisha kusimama waliomtangulia, na kwa sababu nafasi ni finyu hana budi kuelekeza kamera walikoielekeza wao. Ndiyo maana sikushauri utafute kivutio kingine chenye jina. Panda gari la Tukuyu, ushuke Isyonje, kisha ufuate barabara inayopanda kuelekea Kikondo na Kitulo. Wageni wengi huipita barabara hiyo bila kusimama kwa kuwa wanawahi maua ya Kitulo, na hivyo huiacha nyuma milima ya Uporoto, ambayo miteremko yake imelimwa viazi na pareto, matuta yakifuata umbo la kilima kama mistari ya kiganja.

Chagua kilima kimoja tu na ukirudie mwaka mzima. Nasema hivi kwa sababu mandhari ya huku hubadilishwa na jua na hali ya hewa kuliko inavyobadilishwa na umbali. Ukisimama upande wa Isyonje, Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960, uko kusini kwako. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki karibu saa 1 asubuhi, nyuma ya bega lako la kushoto, kwa hiyo mlima hupata mwanga wa moja kwa moja na huonekana bapa. Mwezi Desemba jua hilohilo huchomoza kusini-mashariki mnamo saa 12:20, mbele yako upande wa kushoto, na kila korongo la mlima hutupa kivuli chake. Ni kweli kwamba Desemba ni msimu wa mvua na asubuhi nyingi mlima hauonekani kabisa, lakini ile moja inayopambazuka kweupe baada ya mvua ya usiku huwa na hewa safi ambayo hutaipata Oktoba, wakati moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la kiangazi vimetanda hadi upeo wa macho.

Ukungu usikurudishe nyumbani. Kamera, hata ile ya simu, huuona weupe wa ukungu kuwa ni mwanga uliozidi, nayo huipunguzia picha mwanga hadi ukungu ukawa wa kijivu kama majivu ya jikoni. Ongeza mwanga kwa hatua moja, au kwa simu gusa kioo na upandishe alama ya jua, nao utarudia weupe wake. Ukungu ukiwa mzito hata mlima usionekane, piga magoti. Ua la pareto saa hizo huwa limeinama kwa umande, petali zake nyeupe zimeshikamana, na tone moja likining'inia ukingoni hubeba ndani yake shamba zima likiwa limepinduliwa juu chini. Nimewahi kutumia asubuhi nzima katika hatua kumi za shamba la namna hiyo, na picha ya siku ile ndiyo pekee niliyoitundika ukutani kwangu.

Jambo moja sitaki ulipuuze: huko hakuna geti wala tiketi, lakini kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Salimia kwanza, jieleze, na ikiwa utarudi mara kwa mara basi pita kwa mtendaji wa kijiji ili ujulikane. Baadhi ya vichaka vya miti mikubwa vilivyobaki katikati ya mashamba ni mahali pa matambiko, na hakuna alama itakayokuambia hivyo isipokuwa mzee uliyemsalimia.

Swali: Niko Iringa mjini na nina simu tu. Mbali na Isimila na Gangilonga, naweza kupiga nini?

Jibu: Mawe. Mji wako umezungukwa na majabali ya matale (graniti) ambayo hayana jina katika kitabu chochote cha watalii. Yapige jioni jua likiwa chini, usitumie kukuza kwa simu bali sogea kwa miguu, na uweke kitu ambacho jicho linajua ukubwa wake, kama vile mbuzi au mlango wa nyumba, ili jabali lisionekane kama kokoto. Bonde la Ruaha Mdogo lililo chini ya mji nalo linafaa, hasa miezi ya baridi.

Swali: Mimi ni msomaji wa Tukuyu. Nikipata mahali ambapo watu hawapajui, je, nitaje jina lake ninapowaonyesha wengine picha?

Jibu: Inategemea mahali penyewe. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, watu hupata riziki yao kwa wageni pia, na kupataja ni kuwasaidia. Lakini maporomoko madogo ambayo njia yake inapita katikati ya mahindi ya mtu, au chemchemi ambayo kijiji kinachota maji ya kunywa, mimi ningetaja wilaya tu na kuishia hapo.

Kwa okidi, yale maua ya porini, nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Viazi vya okidi huchimbwa nyanda zetu za juu kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na uchimbaji huo ni miongoni mwa sababu za kuhifadhiwa kwa Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi zilizo nje ya mipaka ya hifadhi hazina mlinzi, na picha moja inayoonyesha mahali zilipo humtosha mchimbaji. Usidhani kuficha jina kunatosha, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kipengele cha eneo, na picha ulizokwisha kupiga ziondolee taarifa hizo kabla hujamtumia mtu yeyote.