Meya wetu tumkumbuke vipi?

SWALI: Habari mhariri, meya wa mji wetu mdogo amefariki, aliongoza muda mrefu hadi vijana wengi hawajui meya mwingine. Baraza linataka sanamu, sisi wengine tunaona hela ziende kwingine. Unashaurije?

JIBU: Poleni sana jamani. Sanamu si mbaya, ila mi ningeanza na kitu alichokipigania mwenyewe halafu watu wanakitumia kila siku. Cheki Charleston, kule South Carolina, Marekani: Joseph Riley alikuwa meya toka Desemba 1975 mpaka Januari 2016, vipindi 10, na jina lake likawekwa kwenye uwanja wa besiboli na kwenye bustani ya pembeni ya maji ambayo aliihangaikia yeye mwenyewe miaka na miaka mpaka ikafunguliwa 1990, yaani mtu akikaa pale kupunga upepo anakuwa ndani ya kazi yake kabisa. Na mwaka 2000 alitembea kwa miguu hadi Columbia, mji mkuu wa jimbo hilo, kudai bendera ya Confederate (yale majimbo ya kusini yaliyojitenga kutetea utumwa) ishushwe kwenye jengo la bunge la jimbo, hilo ndo naliheshimu zaidi.

Kingine, na hiki ni cha haraka, rekodini wazee waliofanya nae kazi, makarani, madereva, hata waliompinga, maana wakiondoka wanaondoka na habari zote. Na alipokosea pia paandikwe, familia ikishirikishwa mapema huwa inaelewa. Sanamu mtaijadili baadae, haina haraka.